Kuchagua Kitabu cha Kutengenezea Mashine ya Mashua

Zamani baharia wa pwani alihitaji kujua mambo matatu: tanga, nanga, na pepo zake mbili, kusi na kaskazi. Mambo hayo hayakuwa na kitabu. Mtoto aliyafunzwa na baba yake chomboni, naye akikosea aliona kosa lake papo hapo kwa macho yake. Siku hizi mambo yamegeuka. Tokea Vanga hata Kiunga, na vivyo hivyo katika Ziwa Victoria, mashua nyingi zimepachikwa mashine tezini. Mashine haina tabia ya upepo. Kosa la leo laweza kufichama ndani yake majuma kadhaa, lisijulikane mpaka chombo kiko mbali na nchi kavu. Kwa sababu hiyo mwenye mashine hana budi awe na kitabu chake; na jambo ambalo wengi hawalifikiri ni kwamba kitabu kisichokuwa chake chaweza kumdhuru kuliko kukosa kitabu kabisa.

Mashine ya mashua ni mali kubwa. Mvuvi huweka akiba kwa miaka, au hukopa katika chama cha ushirika, au ndugu watatu huchanga fedha ili kuipata moja. Tena mashine haibebi samaki tu, hubeba watu. Basi yafaa mtu atumie katika kuchagua kitabu chake uangalifu uleule alioutumia katika kuchagua mbao za chombo.

Mfano wa Nahodha na Kijana Wake

Yafaa kutolewa mfano. Palikuwa na mzee mmoja, nahodha wa Kizingitini katika kisiwa cha Pate, mwenye mashua nzuri na mashine kuukuu aliyoinunua kwa mtu. Mashine ilikuwa imepakwa rangi mpya, na juu ya kofia yake iliandikwa hesabu 40 kwa tarakimu kubwa. Nahodha huyo alikuwa na wana wawili waliovua pamoja naye, na kijana wa ndugu yake marehemu ambaye alikuwa amesoma ufundi wa magari huko Mombasa. Kijana aliporudi nyumbani, mzee akampa fedha, akamwambia, "Mwanangu, wewe umesoma vitabu, mimi nimesoma bahari. Nenda ukatafute kitabu cha mashine yetu, tusiwe tunabahatisha."

Kijana akaenda, akaviona vitabu viwili. Kimoja kilikuwa chembamba, hakina picha yo yote juu ya jalada, ila maandishi na herufi nyingi zisizosomeka kama neno. Cha pili kilikuwa kinene, na juu ya jalada palikuwa na picha ya mashine ya rangi ileile, na hesabu ileile 40. Akakinunua kile kinene, akarudi nacho kwa furaha.

Siku nyingi mzee alikuwa akichanganya petroli na oili kwa kipimo alichopewa na yule aliyemwuzia mashine: kwa kila debe la lita 20 za petroli, nusu lita ya oili kasoro kidogo, yaani mililita 400. Kijana akafungua kitabu, akakuta kwamba kipimo ni sehemu 1 ya oili kwa sehemu 100 za petroli, ambayo kwa lita 20 ni mililita 200 tu. "Ami," akasema, "twamwaga fedha baharini. Kitabu kimeandikwa na watu waliounda mashine." Mzee alisita, lakini hakutaka kuidharau elimu aliyoilipia mwenyewe. Akakubali.

Majuma kadhaa mambo yalikwenda vizuri, na fedha za oili zikapungua nusu. Kisha ukaja mwezi wa Julai, kusi imeshika. Wale vijana watatu walikuwa nje ya mwamba wakati mashine ilipopiga kelele kama ya chuma kinachokwaruzana, ikasimama. Walipovuta kamba ya kuwashia haikusogea hata kidogo. Kila mtu wa kisiwani ajua maana ya chombo kufa mashine mahali kama pale wakati wa kusi: upepo na mkondo vyote viwili husukuma kuelekea kaskazini, upande wa Somalia. Kilichowaokoa ni tanga kuukuu ambalo mzee alikataa kuliondoa chomboni, ijapokuwa vijana walimcheka kwa ajili yake. Walikuwa wamekwenda juu ya upepo, kwa hiyo walipolipandisha, kusi yenyewe iliwarudisha. Walifika baada ya isha, na mzee alikuwa angali amesimama pwani.

Asubuhi yake mashine ilifunguliwa. Pistoni ilikuwa imekwaruzika na kunasa katika silinda kwa ukosefu wa oili. Mzee hakugomba. Aliuliza neno moja tu.

"Mwanangu, kitabu hiki ni cha mashine gani?"

"Ni cha mashine ya nguvu za farasi 40, ami. Picha ni hii, na hesabu ni hii."

"Hesabu hiyo umeisoma wapi?"

"Juu ya kofia, ami."

"Kofia huvuliwa," mzee akasema. "Mimi nikivaa kofia ya kadhi siwi kadhi."

Ndipo kijana akachukua kisu, akakwangua rangi kwenye chuma kinachoibana mashine juu ya ubao wa tezi. Chini ya rangi akakuta kibao kidogo, na juu yake herufi na nambari. Mashine ile haikuwa ile ya kitabuni. Kofia ilikuwa imetoka kwa mashine nyingine. Kitabu kile kinene kiliandikwa kwa ajili ya mashine za matembezi, na mashine ya mzee ilikuwa ya kazi, iliyohitaji sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50. Kipimo cha yule muuzaji kilikuwa sawa tangu mwanzo. Mashua ilikaa pwani muda uliobaki wa kusi, na fedha zilizookolewa kwa oili hazikutosha kununua hata pistoni moja.

Kibao Kwanza, Kitabu Baadaye

Kosa la kijana yule halikuwa ukosefu wa elimu. Alisoma kitabu sawasawa, ila alikisoma kabla ya kuisoma mashine. Basi sheria ya kwanza ni hii: mtu asiende dukani kabla hajaandika katika karatasi yote yaliyo juu ya kibao cha mashine yake. Kwa kawaida kibao hicho huwa kwenye chuma cha kubania tezini, na pengine chapa nyingine huwa juu ya mashine yenyewe chini ya kofia. Andiko lake lina mambo mawili, yaani jina la aina pamoja na herufi zake, na nambari ya mashine. Yote mawili yanahitajiwa, kwa kuwa mara nyingi mwundaji hubadili kitu katikati ya mwaka, na kitabu husema, "tokea nambari hii tumia kipimo hiki, na kabla ya hiyo tumia kile."

Herufi hizo si mapambo. Mathalan, katika mashine za Yamaha zinazotumika sana kwa uvuvi, mtu aweza kukuta E40XMHL. Herufi E yaonyesha jamii ya mashine za kazi ngumu, ziitwazo Enduro. 40 ni nguvu za farasi. X ni namna ya muundo. M ni kwamba huwashwa kwa mkono. H ni kwamba huongozwa kwa mkono wa usukani ulio juu ya mashine yenyewe. Na L ni kwamba mguu wake ni mrefu. Mwenye E40X asidhani kwamba kitabu cha E40J kitamfaa kwa sababu zote mbili ni za nguvu 40. Herufi moja ikitofautiana, vipuri na vipimo vyaweza kutofautiana.

Mashine kuukuu za Johnson na Evinrude zina siri yao pia, ambayo ni rahisi kuikumbuka. Tangu mwaka 1980 mwaka wa kuundwa kwake uliandikwa kwa herufi za neno moja la Kiingereza, INTRODUCES, lenye herufi kumi. I ni 1, N ni 2, T ni 3, R ni 4, O ni 5, D ni 6, U ni 7, C ni 8, E ni 9, na S ya mwisho ni 0. Karibu na mwisho wa jina la aina huwapo herufi mbili za mwaka. Zikiwa CO, mashine ni ya mwaka 1985. Zikiwa ET, ni ya mwaka 1993. Kwa njia hii mtu aliyeuziwa mashine "ya juzijuzi" aweza kujua umri wake kabla ya kutoa fedha, na akiisha kuinunua atajua ni kitabu cha mwaka gani akitafute. Ni vizuri kukihifadhi kitabu cha mashine hizo kikipatikana, kwani kampuni iliyokuwa ikiunda Evinrude iliacha kuziunda mwaka 2020.

Wala jina la kampuni peke yake halitoshi. Mashine ndogo nyingi zilizouzwa kwa jina la Mercury ziliundwa na Tohatsu wa Japani. Fundi anayejua hayo aweza kupata msaada katika kitabu cha jina jingine, lakini asiyejua aweza kukaa na kitabu cha Mercury cha mashine kubwa asione ndani yake hata sehemu moja inayofanana na yake.

Namna Tatu za Vitabu, na Moja Zaidi

Watu wengi husema "kitabu cha mashine" kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa kweli viko vya namna tatu vitokavyo kwa waundaji, na kila kimoja kina kazi yake.

Cha kwanza ni kitabu cha mwenye mashine. Hiki hutolewa pamoja na mashine mpya. Hueleza jinsi ya kuiwasha, kuizima, kuchanganya mafuta, kubadili plagi, kutia oili ya gea, kuiosha kwa maji matamu, na nini kifanywe mashine ikianguka majini. Hakifundishi kufungua silinda. Lakini makosa mengi yanayoua mashine ni makosa ya matunzo, si ya ufundi. Kwa hiyo mtu mwenye fedha kidogo aanze na hiki.

Cha pili ni kitabu cha fundi. Hiki hueleza kuifungua mashine yote na kuifunga tena, pamoja na vipimo vya kila kitu. Ni kitabu cha thamani, lakini kimeandikwa kwa mtu aliyekwisha kufunzwa. Husema, "ondoa gurudumu la juu," kisha hutaja chombo maalumu cha kulivutia. Asiye na chombo hicho, akitumia nyundo na patasi, atavunja kitu kilicho ghali kuliko kitabu. Mtu anayekinunua kitabu cha fundi na asome kwanza ukurasa wa vyombo vinavyotakiwa, ajiulize ni vingapi anavyo, au ni vingapi vyaweza kupatikana kwa fundi wa mji wake.

Cha tatu ni orodha ya vipuri. Hakina maelezo, ila michoro ya mashine iliyotawanywa vipande vipande, na kila kipande kina nambari yake. Wengi hukidharau. Lakini mtu wa Mbita au wa Faza anayeagiza kipuri kutoka mjini kwa simu, akisema "nataka mpira wa pampu," aweza kuletewa mpira usiokaa. Akitaja nambari, kosa hilo huondoka. Tena michoro hiyo humwonyesha mtu vipande vyapangana kwa utaratibu gani, na hilo lahitajiwa sana siku ya kufunga upya.

Zaidi ya hivyo viko vitabu vya watungaji wengine wasiounda mashine, kama vile Clymer na Seloc vya Marekani. Hivi huandikwa kwa mtu anayetengeneza nyumbani kwake, kwa hatua na picha nyingi, na kitabu kimoja huweza kuzungumza habari za mashine za miaka kumi au zaidi. Faida yake ni wepesi wa maelezo. Hatari yake ni kwamba aghlabu hufuata mashine zilizouzwa Marekani, na mashine za kazi zinazoletwa Afrika haziko zote ndani yake. Basi mnunuzi atazame jedwali la aina lililo mwanzoni. Kama herufi za kibao chake hazimo, akirudishe kitabu juu ya rafu hata kama picha ya jalada inampendeza.

Kukijaribu Kitabu Kabla ya Kukilipia

Mtu anayenunua kanzu huivaa kwanza. Kitabu nacho chaweza kujaribiwa, wala hapahitajiwi ufundi mkubwa. Mnunuzi achague kazi moja anayoijua vizuri, kisha asome jinsi kitabu kinavyoieleza.

Kazi njema ya kujaribia ni kubadili oili ya gea katika mguu wa mashine. Mguu huo una matundu mawili yenye parafujo, moja chini na moja juu. Oili mpya hutiwa kwa tundu la chini mpaka itokee kwa tundu la juu, ili hewa yote itoke. Mtu akitia kwa juu, hewa hubaki ndani naye hudhani umejaa. Kitabu kizuri kitaeleza hayo, na sababu yake, tena kitakumbusha kubadili pete ndogo za kuzibia, na kwamba oili iliyotoka ikiwa nyeupe kama maziwa ni dalili ya maji kuingia. Kitabu kisemacho tu "badili oili ya gea" si kibaya, lakini kimeandikwa kwa mtu anayejua tayari.

Kazi ya pili ya kujaribia ni kubadili mpira wa pampu ya maji, kile kipanga kidogo kinachozungushwa na shafti ili kupeleka maji ya kupoza mashine. Kikila au kikavunjika, maji huacha kutoka na mashine hupata moto. Kitabu kizuri kitasema kwamba wakati wa kukirudisha kifuniko shafti huzungushwa upande ule inakozunguka siku zote, ili mabawa ya mpira yapinde kwa upande ulio sawa. Tena kitataja kile kipande kidogo cha chuma kinachokishika kipanga kwenye shafti, ambacho huanguka mchangani kwa urahisi na mtu asijue kimekwenda wapi.

Baada ya hayo na atazame kama pana jedwali la kutafutia kosa, yaani ukurasa unaoanza na dalili kisha ukafuata sababu. Mtu aliye baharini hajui kwamba kabureta imeziba. Ajualo ni kwamba mashine huwaka ikafa. Kitabu kinachoanza na dalili humsaidia mtu kama huyo. Kile kinachoanza na jina la kipande humtaka awe ameshajua jibu.

Habari za Vipimo

Jambo jingine linalowadhuru mafundi vijana ni vipimo. Vitabu vingine huandika nguvu ya kukaza nati kwa nyutoni-mita, na vingine, hasa vya Marekani, kwa futi na pauni. Hesabu zafanana machoni lakini si sawa. Futi-pauni 20 ni karibu nyutoni-mita 27. Basi mtu aliyeambiwa akaze kwa nyutoni-mita 20, akaweka spana yake ya kupimia kwenye 20 ya futi-pauni, atakuwa amezidisha zaidi ya theluthi moja. Mwili wa mashine hizi ni wa aluminiamu. Parafujo ya chuma ikikazwa kupita kiasi hula meno yaliyo ndani ya aluminiamu, na tundu lile haliwi tena kama lilivyokuwa. Kwa hiyo mnunuzi atazame kama kitabu huandika vipimo vyote viwili, na kama spana iliyo mkononi mwake ni ya kipimo gani.

Ndivyo ilivyo kwa mchanganyiko wa oili. Mashine kuukuu huweza kutaka sehemu 1 kwa 25, nyingi za kazi 1 kwa 50, na baadhi ya zile za matembezi 1 kwa 100. Tena mashine mpya, au iliyowekwa pistoni mpya, aghlabu huhitaji oili nyingi zaidi katika saa zake za kwanza. Mashine za mipigo minne hazichanganyiwi oili katika petroli kabisa. Oili yake hutiwa mahali pake peke yake. Kwa kila debe la lita 20, sehemu 1 kwa 25 ni mililita 800, 1 kwa 50 ni 400, na 1 kwa 100 ni 200. Kitabu kisicho cha mashine hiyo chaweza kumfanya mtu akose mara mbili au mara nne, na mashine isilalamike mpaka siku yake ya mwisho.

Vitabu vya Katika Simu

Siku hizi si lazima kitabu kiwe cha karatasi. Yako makampuni yaliyoweka vitabu vya mwenye mashine katika intaneti bila malipo, na mtu mwenye simu aweza kuvipata akiwa nyumbani kwake. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini pana tahadhari mbili. Kwanza, wako watu wanaouza nakala za vitabu vya mafundi zilizopigwa picha vibaya, kurasa zimekosekana, na hesabu hazisomeki kama ni 3 au 8. Hesabu isiyosomeka ni mbaya kuliko isiyokuwapo, maana mtu huikisia. Pili, simu haipendi maji ya chumvi wala oili, na moto wake huisha wakati usiotazamiwa. Anayetumia kitabu cha simu na apige chapa kurasa chache za lazima, yaani ukurasa wa vipimo, ukurasa wa kutafutia kosa, na ukurasa wa kufanya nini mashine ikizama, azitie katika nailoni, na kuziweka pamoja na spana.

Kitabu na Lugha ya Chomboni

Hata kitabu kikiwa sawa, bado pana swali moja: nani atakayekisoma? Vitabu hivi karibu vyote ni vya Kiingereza. Nahodha aweza kuwa msomi wa Kurani na bingwa wa nyota, asijue Kiingereza. Na kijana anayekijua aweza kuwa mjini siku ya shida. Kitabu kinachosomwa na mtu mmoja tu ni mali ya mtu huyo, si ya chombo.

Huko Kizingitini, yule kijana alilifikiri jambo hilo baada ya hasara yake. Kwanza aliandika herufi zote za kibao katika karatasi, akarudi, akakinunua kile kitabu chembamba kisicho na picha, ambacho herufi zake sasa alizisoma moja moja kwa kidole. Kisha akanunua daftari la shule. Ndani yake aliandika kwa Kiswahili yale yaliyo lazima: kipimo cha oili kwa debe, aina ya plagi na nafasi yake, siku ya kubadili oili ya gea, dalili za pampu kufa, na nini kifanywe kwanza mashine ikisimama. Mahali palipokuwa na neno la Kiingereza lisilo na jina, alimwuliza mzee mabaharia hukiitaje kitu kile, akaandika jina hilo. Katika kurasa za nyuma kila tengenezo liliandikwa pamoja na tarehe yake na nambari ya kipuri kilichotumika. Wazee wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Daftari lilipokwisha, alimsomea mzee tangu mwanzo hata mwisho. Mzee alisikiliza, akamsahihisha mahali pawili. Kisha akauliza, "Na tanga umeliandika wapi?"

"Tanga si la mashine, ami."

"Liandike," mzee akasema. "Andika ukurasa wa kwanza."

Kijana akaandika. Na hata sasa yeyote anayelifungua daftari lile hukuta, juu ya kipimo cha oili na nambari za plagi, mstari mmoja usemao kwamba kabla ya kuwasha mashine, baharia atazame kwanza kama tanga, nanga, makasia na maji ya kunywa vimo chomboni.